Namba Iliyobaki Ng'ambo ya Ziwa

Tulimzika Jumamosi, huko kambi ya wakimbizi ya Mantapala, mama aliyekuwa akiuza chisense, wale samaki wadogo wa kuanikwa juani, sokoni Kashikishi. Wasomaji wa safu hii waliwahi kumsikia bila kumjua: ndiye aliyenikaripia nilipoandika kwamba soko lile linanuka. "Inanuka makuta, papa," alisema, yaani fedha. "Weye pua yako ni ya ofisi."

Kabla ya kuikimbia Kongo alikuwa amejiunga na huduma moja ya kuweka picha mtandaoni, na aliipenda kama watu wanavyopenda kwaya yao. Aliweka nyavu, mitumbwi, na mume wake akicheka; mume huyo alifariki kabla binti yao hajazaliwa. Watu wa nchi asizozijua walimsifu, naye akawajibu wote. Halafu, akiwa tayari huku Zambia, akaiona picha yake mwenyewe, ameinama juu ya chisense, katika tangazo la kuomba misaada lililomwita mwenye njaa. "Mi njaa? Siku ile nilikula bukari mpaka nikalegeza kitenge!" alisema, bukari ikiwa ndiyo ugali wao. Tangu hapo upendo ukaisha. Alizificha picha zote asizione mtu mwingine, akaweka neno la siri jipya ambalo hakumwambia yeyote, na juu yake ulinzi wa tarakimu zinazotumwa kwa simu. Zilitumwa kwa namba ya Kongo aliyojiandikishia tangu mwanzo. Hapa ziwani tunabadilisha laini kama tunavyobadilisha fedha, kila upande na yake, na namba isiyotumika hupewa mwingine. Simu yake ya zamani ilipokufa, binti akiwa bado anabebwa mgongoni, tarakimu za kufungulia picha zilianza kuingia kwa mvuvi wa ng'ambo, upande ambao mama yule hakuthubutu kurudi.

Nilikuwepo sokoni siku alipompigia, sauti ikisikika kwa wote. "Papa, nisomee ile code yenye imeingia mu simu yako."

"Mama, iyi namba iko yangu sasa. Kila mutu mwenye kuomba code ni mwizi. Mi hapana mujinga."

"Mi hapana mwizi, papa. Mule ndani kuko sura ya bwana yangu. Mutoto hajamuona."

"Bon, bwana yako mwenyewe anipigie!"

Wauza samaki wakaangua kicheko. Naye alicheka, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya chisense na hakuigusa tena mpaka soko lilipofungwa.

Mvuvi yule simlaumu. Ni sisi wa magazeti tuliomfundisha asimsomee mtu tarakimu. Ninalaumu nyumba inayopokea mali za watu kwa maneno matamu lakini haina hata bawabu. Mama aliiandikia mara nyingi, na kila mara mashine ilimshukuru kwa kuwa mteja mwema. Mpiga picha wetu wa zamani pale Kashikishi alikuwa mlevi na mwongo, ila ungeweza kusimama mlangoni kwake ukapiga kelele mpaka atoke na bahasha yako.

Matangani nilimpigia mvuvi, nikamwambia yule mama wa tarakimu amefariki. Alimaka: "Yesu wangu. Mi nilizania ni mwizi." Kisha akasema, "Omba ile code sasa. Niko hapa, nitakusomea." Lakini huduma haitumi tarakimu mpaka kwanza uandike neno la siri, na neno hilo tulikuwa tumekwisha kulifukia. Nilimshukuru, nikakata simu.

Binti alikuwa amekaa karibu, akisikiliza. Akaniuliza kama baba yake alikuwa na masikio makubwa kama yake. Basi wewe mwenye picha za wapendwa wako ndani ya simu, ichapishe japo moja, uitundike ukutani ambako mtoto anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa ya mtu.