Pengwini Aliyepita Mchana

Noeline Cudby hakuwa na simile na wenye mbwa. Ukimwachia wako kamba ufukweni, ungemwona anateremka na gambuti zake, kidole juu, na siku hiyo ungesemwa mpaka ujute kuzaliwa. Watu wa ghuba ile walimwita bwana mbwa, jina la yule ofisa wa halmashauri anayekamata mbwa wakorofi, naye akalipokea kwa fahari.

Kazi yake, ya kujitolea, ilikuwa kutunza lango la pengwini. Pengwini wadogo wa pale hushinda baharini na kurudi viotoni giza likiingia, na njia yao ni upenyo mmoja tu kati ya miamba. Watafiti kutoka mji wa Dunedin walikuwa wamefunga hapo mtambo wa sola. Kila pengwini ana chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Akipita, mtambo unamsoma na kupeleka habari zake mjini wenyewe. Noeline alifuta vumbi na kuondoa mwani, basi. Lakini ukimsikiliza ungedhani ndege wale amewazaa yeye.

Ndiyo maana mwaka jana, pengwini walipookotwa wameng'atwa, hakujali ushahidi. Puku, mbwa wa jirani yake Hoani Parata, alikuwa mzururaji. Noeline alipiga simu halmashauri, akapiga tena na tena, mpaka Puku akachukuliwa, akadungwa sindano ya kufa. Hoani alimzika chini ya mti wake wa matunda, mplamu. Pengwini wengine wawili waliokotwa baadaye. Noeline akasema hao wameuawa na paka. Tangu hapo majirani hao hawakusalimiana, wala yeye hakukosa usingizi kwa hilo.

Siku moja mchana alikuwa ametoka matembezini na Meg, mbwa wake wa kuchunga kondoo. Meg hakufungwa kamba, mchana wala usiku. Meg alikuwa na adabu zake. Noeline alikuwa anamimina chai simu ilipoita. Alikuwa Mereana, msichana mmoja kati ya wale watafiti.

"Shangazi, yule jike wa kiota cha juu, mwenye makinda, amepita langoni muda si mrefu. Mchana kweupe."

"Mtambo umechanganyikiwa huo."

"Wala. Umemsoma vizuri, kwenda na kurudi. Jana jioni aliingia, leo alfajiri hakutoka. Naogopa anaumwa. Hebu kamtazame."

"Mbona natoka huko sasa hivi? Nimepita pale pale, sijaona hata unyoya. Tulikuwa mimi na Meg tu, na Meg ndiye..."

Meg ndiye aliyekatiza upenyoni, kwenda na kurudi. Sasa alikuwa amejilaza chini ya meza, na bakuli lake la asubuhi lilikuwa bado limejaa. Noeline alikuwa amedhani ni uzee.

"Shangazi?"

"Nitakupigia."

Alichukua mashine ya mkononi ya kusomea chipu aliyoachiwa na watafiti, akapiga magoti. Akaipitisha shingoni mwa Meg, kimya. Mgongoni, kimya. Tumboni ikalia.

Aliketi sakafuni. Kesho Meg angejisaidia nyuma ya banda, chipu ingetoka na mavi, na hakuna ambaye angejua. Mereana angeandika kwamba jike amepotea. Meg angebaki hai. Alikaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa, kisha akamfunga Meg kamba, kamba ngumu ambayo haijawahi kutumika, akavuka barabara.

Hoani alikuwa kibarazani anamenya viazi.

"Umepotea njia, bibie?"

"Mpitishie Meg hii."

"Ala, leo bwana mbwa anatafuta msaidizi."

"Tumboni, Hoani. Nakuomba."

Hoani alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea mashine. Ikalia. Akaipitisha tena, ikalia tena.

"Nani huyu?"

"Jike wa kiota cha juu."

Noeline alingoja matusi, na angeyapokea yote. Hoani hakutukana.

"Kwa Puku wangu haikulia," alisema. "Ulimpitishia mwenyewe, hapa hapa kibarazani. Nikakwambia ona, kimya. Ukanijibu chipu zimeshatoka."

Tangu mezani Noeline alikuwa akimfikiria jike mmoja tu. Sasa ndipo ilipomwingia kwamba hata mwaka jana Meg alilala nje, bila kamba, na kuna asubuhi alizoacha chakula. Aligeuka akautazama mplamu.

"Nani mwingine anajua?" Hoani aliuliza.

"Wewe tu."

"Watamchukua huyu."

"Najua."

Noeline akatoa simu, akampigia Mereana. Hoani alichuchumaa, akamkuna Meg nyuma ya masikio, na Meg akamlamba vidole vyenye wanga wa viazi.

"Umempata, shangazi?"

"Nimempata. Yuko tumboni mwa Meg. Makinda wako peke yao, njoo uwachukue. Na andika kuhusu mwaka jana. Andika kwamba Puku wa Hoani alikuwa hana kosa, na tukamuua."

Hoani aliinua uso.

"Hapana," Noeline alisema. "Andika nilimuua."