Pikapu ya Mama

Wanaume wakianza kubishana kuhusu dizeli na petroli, huwa naaga. Pale Msamvu, kwenye gereji, wapo wanaoweza kushinda wanabishana mpaka chai inapoa. Huyu atasema dizeli ina nguvu na inavumilia, yule atasema petroli ni nyepesi, haina kelele wala moshi. Wote wanasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Baba yangu alikuwa mtu wa dizeli. Alikuwa na lori kuukuu lililoshusha ndizi, mananasi na tangawizi kutoka Kinole hadi sokoni Morogoro. Betri yake ilikufa tangu ile miaka ya kukosa kila kitu, na hakuna aliyejisumbua kulitafutia nyingine. Injini ya dizeli haina haja ya cheche za umeme. Hewa inabanwa ndani mpaka inakuwa ya moto, mafuta yakiingia yanawaka yenyewe. Ilichohitaji ni mteremko na watu. Asubuhi ya soko kila mwenye mzigo alikuja kusukuma, maana utaratibu ulikuwa huo: asiyesukuma hapakii. Akina mama walijifunga khanga kiunoni, na katekista alivua koti lake akalitundika mgombani. Lori likishaanza kuteremka baba aliachia klachi, likakohoa, likatupaka moshi mweusi usoni, nasi tukacheka. Dizeli ikipungua, tuliazima kwenye pipa la mashine ya kusaga.

Mama hakucheka. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na kila mara alitakiwa kwenda hospitali mjini. Lile lori lilimtikisa na harufu yake ikamtapisha njia nzima, hata akifika kwa daktari alikuwa hoi kuliko alivyoondoka nyumbani. Alibeba ndimu ya kunusa na hakulalamika. Baba aliendesha huku akimtupia jicho la pembeni, akijua wazi kwamba anamtesa.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, na magari ya mitumba yakaingia. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kukaa na baba barazani. Kwetu Waluguru mjomba ana neno juu ya dada yake, na neno lake siku hiyo lilikuwa fupi: lile lori litamuua dada yake kwa moshi. Baba akaliuza. Akarudi na pikapu nyeupe ya petroli, viti vyake bado vina nailoni. Asubuhi ya soko watu walikuja kusukuma kama kawaida, naye akazungusha ufunguo tu, ikanguruma kidogo na kutulia. Wakabaki na mikono yao wasijue waiweke wapi.

Mama alikaa mbele, akapapasa kiti.

"Baba watoto, mbona hata haisikiki?"

Baba alitabasamu kutwa nzima. Niliipenda ile pikapu, sitaficha. Majirani walinung'unika kwamba mizigo yao haienei, na kwamba petroli ya kuifuata mjini kwa madumu ni usumbufu mtupu. Baba alijitia kiziwi. Mama alikuwa akifika hospitali amechangamka, akirudi anatuletea vitumbua, na kwetu hilo lilitosha.

Masika yalipochanganya, mama alibanwa na pumzi asubuhi moja. Tulimpakia mbele, tukamkunjia khanga ya pili mapajani kwa ajili ya baridi, nami nikapanda nyuma kwenye mvua. Chini ya kijiji kuna kijito kinachokata barabara. Lori lilikuwa likikipita limezama hadi kwenye bampa, na baba aliingia vilevile, kwa mazoea yake. Maji yakaruka ndani ya boneti. Pikapu ikazima katikati ya maji, bila hata kukohoa.

Alipiga honi. Watu wakatoka mashambani mbio, walewale wasukumaji wa zamani, na hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Kila mmoja alikijua kishikio chake. Tuliitoa majini, tukaipandisha, tukaiachia mteremkoni. Baba akaachia klachi. Kimya. Tukaisukuma tena, na tena, mpaka mteremko ukatuishia. Tulisukuma kwa upendo na kwa nguvu zetu zote, na wala hatukushika kitu kingine, kwa sababu tangu tuzaliwe gari lililogoma lilikuwa linatibiwa kwa kusukumwa.

Mama alitoa kichwa dirishani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Waambie wapumzike," alimwambia baba. "Wamechoka."

Baba hakutuambia. Tuliendelea.

Dereva wa gari lililokuwa likipanda kutoka mjini ndiye aliyefungua boneti. Alitueleza kwamba petroli haiwaki bila cheche, na cheche haipiti kwenye maji. Hata tungeisukuma hadi Kingolwira isingewaka. Akaomba kitambaa kikavu. Sisi sote tulikuwa tumelowa chapachapa. Kikavu kilikuwa kimoja tu, ile khanga mapajani mwa mama, na yeye alikuwa ameshatutoka. Dereva akafuta, akafunika, akazungusha ufunguo. Ikawaka, tulivu kama siku ya kwanza, na ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani.

Baada ya matanga mjomba alimshauri baba aiuze. Baba alimjibu bila kunyanyua macho.

"Shemeji, ningekuwa nimeinunua kwa ajili yangu, ningeitia moto."

Haikuuzwa. Ipo mpaka leo kando ya nyumba, majani yamefika madirishani na kuku wanataga nyuma. Mizigo ya Kinole inachukuliwa na malori ya wachuuzi, yote ya dizeli. Baba amezeeka. Kila masika yakikaribia hufungua mlango wa ile pikapu, akaitoa ile khanga ya mama, akaianika juani mpaka ikauke kabisa, kisha akaikunja na kuirudisha pale pale kitini.