Juu Mama, Chini Bibi

Enzi zetu, jamani, Desemba ilinuka udongo mbichi. Kwetu Itaka, ukiamka asubuhi ukakuta debe la udongo limelowekwa nje ya mlango, ulijua Krismasi imekaribia na siku hiyo hakuna kucheza rede wala kombolela mpaka nyumba isiribwe. Wenzangu wengine walikuwa wananuna. Mimi nilikuwa naruka kitandani kabla sijaitwa! Mpaka leo mvua ya kwanza ikipiga vumbi mikono huniwasha, natafuta ukuta wa kupaka.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu. Miezi michache iliyopita alinijia na simu yake, macho yanang'aa, akanionyesha majiko ya watu wa mbali. "Mama, hii ndiyo staili ya sasa. Makabati ya juu meupe, ya chini meusi. Rangi mbili zinazopishana." Akanieleza polepole, kwa huruma, kana kwamba mimi nimefika mjini jana. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mtoto wa watu, hiyo staili sisi tumezaliwa ndani yake! Walioitoa huko mbali wangepita Itaka siku moja tu ya Desemba, wangetukuta na ndoo.

Wa rika langu mliokulia Mbozi mnakumbuka zile nyumba. Ukuta wa juu mweupe pe, kwa udongo mweupe tuliouchimba kule bondeni, ukingoni mwa kijito. Chini, kama kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mweusi, kwa udongo uliochanganywa na masizi ya jikoni. Sababu ilikuwa wazi hata kwetu watoto. Mvua za kwetu zikidondoka kutoka bati au nyasi, matone yanapiga ardhi nyekundu na kurusha tope ukutani. Tope kwenye nyeupe ni aibu; kwenye nyeusi halionekani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na namna yake ya kulisema hilo. "Nyumba chini inavaa suruali ya shamba," alituambia, "juu inavaa shati la kanisani."

Na ule mstari wa katikati sasa! Hapo ndipo mwanamke alipopimwa. Mimi na binamu yangu Anyesi tulishika kamba ya katani, yeye kona hii, mimi kona ile, tumeivuta mpaka vidole vinakufa ganzi, na Mama anapita nayo taratibu akiweka alama za mkaa. Ukicheka, kamba inacheza. Kamba ikicheza, mstari unapinda. Mstari ukipinda, wapita njia wote wa mwezi mzima watajua. Anyesi alikuwa hawezi kukaa dakika mbili bila kucheka, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sehemu moja, karibu na dirisha la chumba cha wageni, ambapo mstari ulipanda kidogo kisha ukajirudi. Bibi akipita pale alikuwa anaguna.

Bibi alikuwa na sababu kubwa ya kuguna kuliko hiyo, na hapa niwaeleze vizuri. Mama hakuwa wa Itaka. Baba alimtoa Kamsamba, huko bondeni kwenye joto na mpunga, na alipofika milimani hata baridi yetu ilimshangaza. Krismasi yake ya kwanza akiwa mke wa mtu, alitaka kuwafurahisha wakwe. Akaisiriba nyumba nzima nyeupe, juu mpaka chini, kama walivyofanya kwao. Ilipendeza siku tatu. Siku ya nne ikapiga mvua ya Mbozi yenyewe, na kulipokucha nyumba ilikuwa na madoa mekundu hadi madirishani. Akina mama wa kanisa walipita wakicheka ndani ya khanga. Bibi hakucheka. Alisema tu, "Mtu wa Kamsamba," akaenda zake.

Na jina likabaki hilo. Mama alizaa, akalima kahawa mpaka viganja vikawa vigumu, akajifunza Kinyiha cha kuokoteza, akajua rangi mbili na kamba na mkaa kuliko wengi waliozaliwa pale. Lakini Bibi hakuwahi kumwita mkwe wangu, wala Mama Tumaini kwa jina langu mimi. Ilikuwa "mwambieni mtu wa Kamsamba alete chungu". Na akina mama wa kanisa, waliokuwa na desturi ya kufanya ibada ya Krismasi nyumba kwa nyumba, kila mwaka zamu ilipofika kwetu waliiruka. Mama alikuwa anasema hajali. Mimi niliyelala naye chumba kimoja Baba akiwa safarini najua alikuwa anajali.

Basi mwaka nilipokuwa darasa la nne, zamu haikurukwa. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba Jumanne kabla ya sikukuu ibada itakuwa kwa Mama Tumaini. Oooh! Nilitoka kanisani kichwa juu kama mimi ndiye niliyetangazwa. Mama alitembea njia nzima akitabasamu peke yake. Usiku huohuo alimwambia Baba anataka kabati la vyombo, lenye milango, ili wageni wakiingia wasikute vikombe vimefunikwa na kitambaa juu ya meza.

Baba alimpata fundi wa palepale kijijini, akatengeneza kabati la mbao za mpaina, refu, lenye milango miwili juu na miwili chini. Rangi akaifuata Tunduma. Mnaojua Tunduma ya wakati ule mnajua raha yake: malori mpaka macho yanachoka, watu wa ng'ambo ya mpaka wanaongea Kibemba na wa kwetu wanawajibu kwa Kiswahili na wote wanaelewana kwenye bei. Baba alirudi na kopo la rangi nyeupe ya mafuta. Hatukuwa tumewahi kuiona kwa karibu. Inang'aa! Mama alipopaka milango ya juu Jumapili jioni, mimi na Anyesi tulijiona nyuso zetu ndani yake, tukaanza kujikunjia midomo mpaka tukafukuzwa.

Ila kopo lilikuwa dogo. Milango ya juu ilipokwisha, ndani ilibaki rangi ya kufunika sakafu ya kopo tu. Mama aliitazama, akafunga kifuniko, akasema, "Kesho nitajua la kufanya." Asubuhi ya Jumatatu akaenda mashine kusaga unga wa wageni.

Sasa, tunarudi kwangu na Anyesi. Tulimpenda Mama, na tulikuwa na akili. Maisha yetu yote, udongo ukipungua kwenye debe, mtu mzima anasema nini? Ongezeni maji, korogeni. Tukaongeza maji. Wala hatukuongeza kidogo, tulijaza kopo mpaka mdomoni, tukakoroga na kijiti huku tunaimba wimbo wa mchakamchaka, tukifikiria atakavyoshangaa akirudi na kukuta kabati limekwisha.

Rangi ilikataa. Ilijikunja mabonge mabonge, maji yakakaa pembeni. Tukadhani haijakorogwa vya kutosha, tukakoroga zaidi, kisha tukaipaka hivyohivyo kwenye milango ya chini kwa matambara. Ilishika hapa, ikateleza pale, ikaacha makovu na vidonda. Anyesi akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hacheki.

Mama alirudi na debe la unga kichwani. Akaliona kabati. Alishusha unga, akakaa juu yake, akajifunika uso kwa khanga. Hakutupiga. Ningependa angetupiga, nawaambieni kweli, kwa sababu alilia bila sauti. Ibada ilikuwa kesho. Duka la rangi lilikuwa Tunduma na gari la kwenda huko lilishapita alfajiri. Akina mama wote wangeingia na kukuta kile kitu, na wangekumbuka ule ukuta wenye madoa.

Anyesi, ambaye miguu yake ilikuwa na akili kuliko kichwa, akakimbia kwa Bibi. Alipoondoka nikasema moyoni tumekwisha.

Bibi alikuja akiwa na fimbo yake na pumzi za hasira. Akasimama mbele ya kabati muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mlango wa juu, ule mweupe, kisha akakitazama kidole. Akageuka akamkuta Mama amekaa juu ya debe. Mimi nilifumba macho nikisubiri lile jina.

"Juu pamepakwa vizuri," alisema. "Chini niachie mimi."

Kisha mambo yakaanza kwenda mbio! Mimi nilitumwa nikalete chupa iliyovunjika, na Mama, bado macho mekundu, akaanza kukwangua makovu kwa kigae mpaka mbao ikatoka safi. Anyesi alitumwa maganda makavu ya kahawa, gunia nusu. Bibi mwenyewe alileta sufuria lake la chuma lililoota kutu, akatia misumari mizee, akatia maganda, akatia maji, akawasha moto. Likachemka mchana kutwa. Nyumba nzima ilinuka kahawa iliyoungua na chuma. Dawa ile ndiyo aliyotumia kutia weusi vigoda vyake, na hakuwa amemfundisha mtu. Siku hiyo alimwita Mama aje aone ikoje ikiiva, akamshika mkono akamwonyesha jinsi ya kuipitisha kwa tambara kufuata mbao inavyokwenda. Mara ya kwanza ikatoka kahawia. Mara ya tatu ikawa nyeusi, nyeusi ya kupendeza, mistari ya mbao inaonekana kwa ndani. Mwisho wakaisugua kwa nta ya nyuki, Bibi upande huu, Mama upande ule, mabega yanagusana.

Nilisimama mlangoni nikaliangalia lile kabati, nyeupe inayong'aa juu, nyeusi iliyotulia chini. Nikapiga vigelegele peke yangu. Wote wawili wakanigeukia wakacheka.

Jumanne wakaja. Walijaza sebule mpaka wengine wakakaa kwenye mikeka nje. Waliimba, waliomba, wakala wali wa Kamsamba ambao Mama aliletewa na kaka yake, mchele ule unaonukia ukiwa bado mbali. Lakini macho yalikuwa kwenye kabati. Hatimaye mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, akauliza, "Jamani, hili mmelinunua wapi? Mbeya?"

Mama akafungua mdomo. Bibi akamtangulia.

"Halijanunuliwa," alisema. "Juu amepaka mkwe wangu. Chini nimepaka mimi."

Alisema kama jambo la kawaida, akaendelea kula wali. Mama aliinuka akaenda jikoni kuchukua chumvi iliyokuwa mezani tayari. Nilimfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta ameshika kifua, akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa hewa. Sikuwahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile, na sijamwona tena.

Kuanzia hapo kila Desemba walisiriba nyumba pamoja. Bibi mgongo ulikuwa umepinda, mikono haipandi, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda akapaka chini. Mama alisimama akapaka juu. Walikutana kwenye mstari, na pale waligombana sana, kila mmoja akidai mwenzake ameingia kwake. Mwaka Bibi alipofariki, Mama alipaka nyeupe yote akamaliza, kisha akasimama mbele ya sehemu ya chini na debe la weusi mkononi. Akaniita. "Tumaini, njoo upake wewe. Tangu lile kabati mimi sijapaka chini."

Siku hizi mambo ni rahisi, na siwaonei vijana wivu wa bure. Nyumba za matofali ya kuchoma, vigae, rangi unayoitaka inachanganywa na mashine mbele yako hapahapa Tunduma. Hawachimbi udongo, hawashiki kamba, na Krismasi watoto wetu wako kwenye sofa na simu zao wakipiga picha za kuta za watu wengine. Binti yangu alishinda, nikaweka makabati ya rangi mbili jikoni. Fundi kijana alikuja na spika zake masikioni, akatikisa kichwa kwa muziki asiousikia mwingine yeyote, na siku mbili kazi ikawa imekwisha. Mazuri, sitanii. Majirani wanakuja kuyaona.

Mwezi uliopita Mama alikuja kututembelea. Ni mzee sasa, anatembea akishika vitu. Nilimpeleka jikoni kwa mbwembwe zote. Akaangalia juu, akatabasamu. Akainama polepole, akaweka kiganja kwenye mlango mweusi wa chini, akakiacha hapo.

"Huku chini amepaka nani?"

"Fundi, Mama."

"Na juu?"

"Fundi huyohuyo."

Kiganja cha Mama bado kilikuwa kwenye mlango.

"Maskini," alisema. "Peke yake?"