Mistari Isiyochapishwa

Miaka ile ya vita nilifanya kazi katika ofisi ndogo mtaani Rohero, katikati ya mji, nikipanga kurasa za vitabu kwenye kompyuta. Kitabu kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa cha wauguzi. Waandishi walikuwa wawili: daktari wa mjini, na mama mmoja muuguzi aliyeishi Kanyosha, kusini mwa mji. Kila mmoja alisahihisha kwake, kisha akaniletea disketi. Risasi zikilia kusini, barabara ilifungwa, disketi ya mama ikachelewa hata wiki mbili.

Siku moja nilihifadhi faili la daktari juu ya faili la mama, kurasa kumi za mama zikafutika. Mama hakunigombeza. Alivuta kiti akaanza kuziandika upya kwa mkono. Niliona haya hadi machozi yakanilenga.

Tangu hapo nikabuni utaratibu. Katika programu yetu, mstari ulioanza na alama ya asilimia ulibaki kwenye kompyuta lakini haukutokea kwenye karatasi. Basi kila waliponiletea badiliko, niliandika chini yake mstari wa namna hiyo: nani amebadilisha, tarehe gani, kwa sababu gani.

Daktari alicheka. "Dada, unapoteza muda. Nani atasoma hiyo?"

Siku ya kupeleka kitabu kuchapwa, walikuja wote wawili kukipitia mara ya mwisho. Daktari akakwama kwenye kipimo cha dawa ya malaria ya mtoto mchanga.

"Hapa mi niliandika nusu kidonge. Nani ameweka robo? Mama, ni wewe. Dada, rudisha nusu."

"Apana, Dokta," mama akasema taratibu. "Ni weye mwenyewe ulibadilisha."

"Siwezi kusahau kitu kama hicho."

Nilifungua ukurasa ule, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari ulikuwepo: herufi za jina lake, tarehe, na maneno aliyonitamkia: nusu ni nyingi, mama ana haki.

Aliusoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kweli, ni maneno yangu. Mama, unisamehe. Tungeua watoto."

Kitabu kilitoka na robo. Mama alipopokea nakala yake alinikumbatia mbele ya ofisi nzima, na daktari akawaambia wenzangu kwamba kuanzia sasa hakuna kitabu kitakachopangwa pale bila ile mistari. Jioni hiyo nilitembea Rohero kichwa juu.