Rangi ya Ingini ya Papa

Mimi ni mtu mzima, karani wa ofisi ya mji, mwenye miwani na wajukuu, na mwaka juzi nilipoteza sehemu nzuri ya kiangazi nikitafuta kopo moja la rangi ya kunyunyiza.

Dada yangu anayeishi Ubelgiji alikuwa amempa msafiri sanduku aniletee. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki: ukivikata, ukavisugua na kuvigandisha kwa gundi, unapata ingini ya treni ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Haikuwa ingini yoyote tu. Ilifanana na ile ambayo Papa, baba yetu mzazi, aliiendesha miaka yake yote ya kazi, akivuta mabehewa ya madini kutoka hapa Likasi. Kilichokosekana ni rangi tu. Dada alisema ndege hazibebi makopo ya kunyunyiza, ila nisijali, maana rangi inapatikana popote. Mtu akikaa Ulaya muda mrefu huanza kuamini mambo kama hayo.

Papa alikuwa na presha ya macho. Daktari alituambia bila kuzunguka: anachokiona leo huenda mwezi ujao asikione, na kilichopotea hakitarudi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kumaliza ingini kabla macho hayajaisha. Hata mtoto wa shule ya chekechea angeelewa. Na mimi nilielewa vizuri sana, kisha nikaanza kuhangaikia kijani.

Kosa, kama kawaida, nilimtupia Papa. Si ndiye aliyeniambia?

"Ingine yetu ilikuwa vert, lakini hapana vert ya majani. Vert ya chupa ya bière. Njo ile."

Kijani cha chupa ya bia, basi; niliyapokea maneno hayo kama amri ya serikali. Baada ya majuma mawili ingini ilikuwa imesimama juu ya kabati, magurudumu yote mahali pake, nyeupe pee. Kila Jumapili baada ya misa nilipita kwa Papa, naye aliuliza lile lile.

"Ingine iko wapi?"

"Inabakia peinture, Papa."

"Uilete vile iko. Nitaiangalia."

"Hapana, Papa. Iko nyeupe, hautaipenda."

Nimpelekee dereva mzima ingini nyeupe kama friji? Nilikuwa na heshima yangu ya kulinda.

Nikaenda kwenye duka la misumari na saruji. Muuzaji alinitolea kopo la kijani kizito, kile kile kinachopakwa mageti ya nusu ya mji huu, akalitikisa kama mganga.

"Hii inashikaka kila fasi, papa. Chuma, mbao, plastique, mpaka muntu."

Lakini mimi si mtu wa kudanganywa. Nilisema nitaijaribu kwanza, na nikaijaribu kwenye bidoni, dumu letu la njano la kuchotea maji. Nikanyunyiza, nikangoja, nikagusa. Ikang'aa vizuri. Nikahitimisha, kwa busara yote ya miaka niliyokaa ofisini, kwamba plastiki ni plastiki. Haikunipitia kichwani kwamba bidoni kama hiyo hubeba hata petroli bila kuyeyuka. Kama ingekuwa inaogopa rangi ya geti, barabara zote za Katanga zingekuwa zinanuka mafuta.

Jumamosi asubuhi niliiweka ingini uani na kuinyunyizia kwa moyo wote, karibu karibu, mkupuo mmoja mzito. Paa likaanza kukunjamana mbele ya macho yangu. Madirisha yakalegea, chumba cha dereva kikainamia upande mmoja. Mke wangu alitoka jikoni, akatazama.

"Uliipaka ao uliipika?"

Niliogopa kweli, maana Jumapili ilikuwa kesho yake na sikuwa na hata ingini nyeupe ya kuonyesha.

Majuma yaliyofuata nilikwangua, nikasugua kwa msasa, nikaziba mashimo, nikakata paa jipya kutoka kopo la yoghurt. Papa aliendelea kuuliza. Safari moja aliuliza huku akitafuta kikombe chake kwa kupapasa meza, na mimi bado nikajibu ni rangi tu inayobaki.

Wokovu niliupata matangani. Jirani alikuwa amefariki, na mbele ya jeneza paliwekwa shada lenye maandishi yaliyochongwa kwa frigolite, ile plastiki nyepesi nyeupe inayokuja na televisheni mpya. Maandishi yalikuwa yamenyunyiziwa zambarau, na hayakuyeyuka hata kidogo. Nilisimama nikiyakodolea macho hadi watu wakadhani nimefiwa kuliko wafiwa wenyewe. Mtu mmoja aliniletea kiti.

Kesho yake nilikuwa kwa mama anayetengeneza mashada. Nilipomweleza, alicheka hadi akashika kiuno.

"Peinture ya geti inakulaka frigolite, papa! Miye siku moja niliandika 'Repose en paix', apumzike na amani, kurudia nikakuta lettres zote zimekwisha. Famille ya marehemu ilitaka kunipiga. Plastique yako na frigolite yangu ni bandugu. Utafute ile banaandika 'à l'eau', ile ya maji."

Alikuwa nayo. Kijani chake kilikuwa cha majani, kwa ajili ya majani ya mashada, nami nikanuna. Akaniambia nianze na nyeusi, halafu hicho kijani juu yake, chembamba, kwa mbali, mara tatu, kila mara nikisubiri ikauke. Nijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu ya plastiki nilimokata vipande, si kwenye bidoni. Nikaosha ingini kwa sabuni, nikaifunika isipate vumbi, nikafuata kila neno. Kilitoka kijani cha chupa ya bia, kamili. Niliweka chupa kando yake na nikacheka peke yangu kwa furaha. Sijawahi kupatia kitu vile.

Jumapili Papa aliipokea kwa mikono miwili. Akahesabu magurudumu kwa vidole, akapapasa ngazi hadi mlango wa dereva.

"Eh! Njo yenyewe."

Akaigeuza kuelekea dirishani, akaisogeza karibu na jicho, kisha jicho la pili.

"Na peinture," akauliza taratibu, "uliweka ya namna gani?"

Siku ile ya kwanza aliponiambia niilete vile ilivyo, macho yake bado yalikuwa yanaona. Angeiona nyeupe, angenicheka, lakini angeiona. Mimi ndiye niliyemnyima.

"Vert ya chupa ya bière, Papa."

"Muzuri. Sasa ukae hapa, unielezee vile inaonekana."