Jiwe Lililokunywa Maji

Siku ya kwanza Urbain alipompelekea Pétronille kazi, alirudi nyumbani na vidole vinavyovuja damu.

Alikuwa amebeba furushi la mapanga mapya. Panga jipya hutoka dukani butu kama ubao, na wachuuzi wote wa soko la Mangobo waliliuza hivyohivyo, mnunuzi akahangaike mwenyewe. Urbain aliona mapema kwamba anayeuza panga butu anauza chuma tu, na anayeuza panga kali anauza shamba lililokwisha kufyekwa nusu. Ndiyo sababu alivaa viatu na wenzake hawakuvaa.

Alimkuta Pétronille uani kwake, mwanamke mnene wa mabega, ameketi kando ya jiwe la kunolea. Lilikuwa duara la rangi ya mchanga, kubwa kama gurudumu la gari, limetundikwa juu ya miti miwili kwa chuma kilichopita katikati. Chini yake palikuwa na kihori cha mbao chenye maji. Pétronille alikanyaga ubao kwa mguu, nalo jiwe likazunguka polepole likilamba maji. Urbain hakuzoea kupatana bei ya kitu asichokishika. Akanyoosha mkono.

Pétronille akamchapa vidole kwa bapa la panga, ngozi ikachanika.

"Weye iko mujinga? Hii jiwe inakula nyama sawa vile inakula chuma. Vidole vikiisha, utauza vitu na meno?"

"Mama, nilitaka kujua kama jiwe iko muzuri."

"Jiwe inajulikana na masikio." Akalisimamisha, akaligonga kwa nyundo ya mti. Likalia kama chungu kizima. "Umesikia? Ikilia kama mbao, imekufa. Alors, leta mapanga, ao rudi kwenu na damu yako."

Walibishana mpaka jua likahama ukuta. Urbain alitaka mapanga yake yatangulie yale ya watu wengine wote. Pétronille akakubali, ila maji ya kihori ayachote Urbain mwenyewe kila akija, na mafuta ya mawese ya nyumba yatoke kwake. Urbain akaona amelaliwa kidogo, akachukua ndoo. Makali yale hayakuwa na mfano mjini.

Mwaka ule wa 1954 akawa mtu wa pale uani. Alipokuwa akingoja, aliuliza, maana mtu anayeuliza hujua mwisho wa bei ya kila kitu. Kwa nini nzi akitua karibu na chuma anakaa, akitua ukingoni anatupwa? "Huku kati ni mtaani, kule pembeni ni barabara," Pétronille alisema. "Wote wanafika saa moja ileile, lakini wa pembeni anakimbia zaidi." Na matone je, kwa nini hayazunguki pamoja na jiwe?

"Angalia ukuta." Tope la kijivu lilikuwa limeuchora ukuta wa mabati mstari mmoja, wima, kana kwamba umepigwa rula. "Kila kitu inataka kwenda mbele. Jiwe inaikamata kwa nguvu, inaigeuza. Siku inaiachilia, inaenda mbele moja kwa moja, haiulizi nani iko njiani. Njo maana miye nakaa kando. Mutu wa kukaa kwa ile mustari anakaa mbele ya bunduki."

Pétronille alijua vitu vinavyozunguka tangu utoto. Alizaliwa kwa wavuvi wa maporomoko, na kaka yake alikamatwa na kizingia cha maji mbele ya macho yake. Kijana alizungushwa mara tatu, uso juu, kama mtu anayechezewa. Mara ya nne hakuwepo. Baba yao alimzaba Pétronille makofi kwa kulia, kwa kuwa mitego ilikuwa bado haijainuliwa. Akaja kuolewa na Benoît, mfanyakazi wa karakana ng'ambo ya mto, ambaye alilivusha jiwe hilo kwa mtumbwi baada ya karakana kulitupa kama chakavu. Benoît alimfundisha kazi, na alipokunywa lotoko, ile pombe kali, alimpiga. Siku moja alimwinulia nyundo wakati mkewe ana panga lililotoka kwenye jiwe sasa hivi. Sikio la Benoît likabaki nusu. Tangu hapo waliishi kwa amani, mpaka mwaka huohuo wa Urbain vumbi la karakana likammaliza kifua.

Matanga yalipoisha tu, akaja Cyprien, mdogo wa marehemu, mwendesha mashine wa kinu kimoja cha mpunga.

"Semeki," alimwita shemeji yake akiwa amesimama juu ya kihori, "jiwe ni ya ndugu yangu. Inaenda kwetu. Ao weye na jiwe munakuya kwangu. Chagua."

"Chagua weye. Kutoka na miguu, ao kubebwa."

Cyprien akamshika nywele, akamburuta ua mzima. Pétronille alipopata kidole gumba chake alikiuma mpaka mfupa ukalia. Akapigwa ngumi mbili, meno mawili yakadondoka, lakini taya haikuachia. Majirani waliwatenganisha kwa kuwamwagia ndoo za maji, kama mbwa.

Kesi ikaenda tribinali. Waamuzi wakaamuru jiwe liwekwe ua wa tribinali hadi hukumu, mtu asiliguse. Lilisimamishwa kwenye kona ya bondeni, nao ulikuwa mwezi wa mvua. Maji yakajaa kona ile, yakapanda mpaka kwenye chuma cha katikati, na hapo jiwe likakaa wiki saba, nusu majini, nusu juani.

Pétronille alikuja mara ya kwanza kusihi, mara ya pili kupiga kelele. Jiwe la namna hii haliachwi majini hata usiku mmoja, alisema. Linalowa upande, linakuwa zito huku na laini kule. Mara ya tatu aliingia mwenyewe akalikumbatia kulitoa. Polisi akampiga kitako cha bunduki tumboni, na alipoanguka akampiga teke la mbavu, akamwacha kifudifudi kwenye maji yaleyale.

Siku ya ushahidi Urbain aliitwa. Alikuwa ameyapima mambo usiku kucha. Mwanamke alinoa vizuri, lakini mwanamume alikuwa na ukoo, na ukoo hushinda. Mfanyabiashara hafungi mlango kabla hajajua nani atabaki na ufunguo.

"Waheshimiwa," alisema, "miye naleta mapanga, mapanga inarudi na makali. Jiwe ni ya nani, sikuuliza."

Pétronille alimtazama kama anavyotazama panga akitafuta pengo.

Cyprien akapewa jiwe. Mbele ya watu wote Pétronille akasema, "Cyprien, sikia. Jiwe imekunywa maji upande moja. Zile mbao zinabana chuma pale kati zimevimba, zinaisukuma toka ndani. Iache kwa kivuli mpaka ikauke. Ukiizungusha leo, itakuua."

"Munasikia?" Cyprien akacheka, akiwageukia watu. "Anailoga! Muchawi! Ndoki!"

Msimu wa kufyeka mashamba ulikuwa mlangoni. Jumapili moja, bosi wa kinu akiwa hayupo, Cyprien alimwita Urbain alete mapanga yote aliyo nayo. Alikuwa amelifunga jiwe kwa mkanda kwenye mota ya kinu. Ubao wa kukanyaga ni wa wanawake, alisema.

Urbain alilisogelea, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia kama mbao.

Alikuwa na nafasi ya kusema, na alisema. "Tonton, hii jiwe inalia vibaya."

"Jiwe ni redio? Ao uko hawara ya yule mwanamuke?"

Hakusema mara ya pili. Mapanga yalikuwa yake, msimu ulikuwa wake, na huenda jiwe lingestahimili siku moja. Alirudi nyuma, akasimama ubavuni mwa jiwe, upande wa chuma cha katikati, nyuma ya nguzo nene.

Mota ikakohoa, ikashika. Mkanda ukapiga makofi. Jiwe likazunguka, likavuma, likaenda kasi mpaka madoa yake yote yakayeyuka na likaonekana limetulia tuli hewani. "Angalia!" Cyprien alipaza sauti. "Ya mwanamuke ilitembea. Ya mwanaume inakimbia mpaka inasimama!" Akaketi mbele yake, ndani ya ule mstari, akaegemeza panga la kwanza kwa kifua chote.

Alipoegemeza la tatu, jiwe likapasuka.

Nusu moja ilitoboa paa la mabati ikaondoka na mbao zake. Nusu ya pili ilimpata Cyprien juu ya goti, ikamrusha pamoja na kiti mpaka kwenye magunia. Mchele ukamwagika juu yake mweupe, ukageuka mwekundu papo hapo. Panga lililokuwa mkononi mwake likajikita ukutani. Mota haikujua lolote. Iliendelea, mkanda uliokatika ukichapa hewa, ukimchapa aliyeanguka kila ulipozunguka. Urbain alitambaa akaizima. Akaukata mkanda, akamfunga Cyprien paja nao, akakaza kwa mpini wa panga mpaka damu ikasita. Hospitali ilimalizia kukata kilichoning'inia.

Alasiri ileile ukoo wa Cyprien ulikwenda kwa Pétronille na marungu. Urbain alipofika, mkono wa kushoto wa mwanamke ulikuwa umevunjwa mara mbili, na mmoja alikuwa ameshika kijinga cha moto chini ya majani ya paa la jiko.

"Papa, ngojeni!" Urbain alimwambia mkubwa wao. "Ndoki anatangaza kazi yake mbele ya tribinali? Alimukataza, muko mashahidi wote. Mukimuua, polisi atawafunga. Nani atalisha kilema yenu? Kamateni mabati ya nyumba yake, muende."

Mkubwa akafikiri. Mabati yalikuwa bado mazuri. Walibandua yote, hata ule ukuta wenye mstari wa tope, wakaondoka wamejitwisha. Pétronille, damu mdomoni, aliwatazama wakibeba nyumba yake.

"Umeniuza na mabati," alimwambia Urbain.

"Ningekukomboa na nini, mama? Ndiyo kitu ulikuwa nayo."

Nusu ya jiwe iliyobaki hakuna aliyeitaka. Ukoo ulimsihi Urbain aitoe machoni pao. Aliipakia mkokoteni, akampelekea Pétronille, na shauri lake tayari: aichonge iwe jiwe dogo, naye anoe mapanga ya Urbain peke yake.

"Shusha," Pétronille alisema. Urbain akashusha. "Bon. Sasa ondoka."

Alilichonga kwa mkono mmoja na patasi, miezi minne, likatoka duara la ukubwa wa sinia. Mkono wake uliunga kombo na haukuweza tena kukandamiza panga, hivyo alinoa visu vya jikoni, vya wanawake, na hakumwachia mwanamume yeyote aingie uani. Cyprien alipata gongo la mti na kazi ya kushona magunia mlangoni mwa kinu alichokuwa akikiendesha. Kwa jiwe la ndugu yake alinoa mapanga mawili tu. Urbain alibaki na mwili mzima na mapanga butu ambayo kila mtu sokoni alikuwa nayo. Msimu uliofuata aliacha mapanga, akaanza kuuza chumvi.