Mbwa Waliorudi Wameshiba

Paninnguaq hakuwa mtu wa kubembeleza mbwa. Mbwa wa sleji, wale wanaovuta gari lisilo na magurudumu juu ya barafu, si paka wa sebuleni, bwana. Ukimdekeza leo, kesho anakupanda kichwani. Hawa wa mumewe Aqqaluk aliwalea yeye tangu hawajafumbua macho, akawatia mnyororo walipoanza ukorofi, na kila siku aliwakatia nyama huku akiwafokea. Walimheshimu. Kupendana, hilo hakulidai.

Basi asubuhi ile alipowaona wanakuja mbio juu ya barafu ya bahari, kamba zinaburuzika nyuma, sleji aliyoendea Aqqaluk kuwinda hakuna, mwenyewe hakuna, akakimbilia kwa shemeji yake.

"Malik! We Malik! Mbwa wa kaka yako wamerudi wenyewe!"

Shemeji yake akatoka na soksi tu. "Wamemtoroka hao. Mumeo unamjua, hajawahi kufunga kitu kikafungika."

"Usinitanie, shemeji. Barafu ya sasa hivi unaijua."

Malik aliijua. Ilikuwa imeanza kuyeyuka, inameza watu.

Hata ukiwa na roho juu, mbwa lazima wafungwe. Wakiachwa watararuana, na mtoto wa watu akipita ndiyo basi tena. Akaanza na Pualu, kiongozi wao, maana huyo akishatulia wengine hufuata. Kisha akawarushia mapande ya nyama. Pualu akanusa, akageuza uso, akajilaza. Wengine vilevile.

"Unaona?" Malik akapiga makofi. "Wamelishwa hawa! Kaka yangu mzima, haki ya Mungu!"

Paninnguaq hakucheka. Aqqaluk aliondoka na nyama kidogo, na wawindaji wote siku zile walikuwa wakirudi mikono mitupu.

"Wameshiba nini, Malik?"

Malik akawatazama mbwa midomo. Mbwa hawa wakibanwa na njaa hula mikanda yao, hula mwenzao aliyeanguka. Hawachagui.

Paninnguaq akapiga magoti, akamkaba Pualu shingo, akampanua kinywa. Mbwa akanguruma.

"Niume basi! Niume!"

Akapenyeza vidole nyuma ya magego, akachomoa kipande cha ngozi. Manyoya mafupi ya kijivu, ya sili, yule mnyama wa baharini wanayemwinda. Moyo ukampasuka: viatu vya Aqqaluk navyo vilikuwa vya ngozi ya sili, alimshonea yeye mwenyewe. Akakigeuza kile kipande. Upande wa ndani ulikuwa na mafuta mazito, mabichi. Ngozi ya kiatu haina mafuta. Aliikwangua kwa mikono yake hii.

"Sili mbichi," akasema, kisha akaanza kulia kwa sauti. "Mjinga yule kaua sili, kawalisha, kasahau kuwafunga! Toa sleji yako, Malik. Na bunduki. Yuko kwa miguu huko."

Wakafuata nyayo za mbwa, Malik akijaribu barafu kwa mkuki kila ilipoonekana nyeusi. Njia nzima Paninnguaq alikuwa akipanga atakavyomtukana mumewe, tusi juu ya tusi.

Wakamwona kwa mbali, anatembea, anapunga mikono kwa hasira. Paninnguaq akaruka kabla sleji haijasimama. Akamshika uso kwa viganja vinavyonuka mafuta, akafungua mdomo atukane, na hakuna hata tusi moja lililotoka.